Mizani Nane Kwenda, Nane Kurudi

Mwezi wa sita, Dundee, saa nne za usiku
na jua bado linabishana na kilima.
Mimi na Innes Geddes, fundi umeme,
uwanja wa gofu wa manispaa, shimo la saba,
suruali zetu zina vumbi la kuta za watu.
Futi sita tu. Urefu wa kaburi, nasema.
Innes hacheki. Tunashindania pai ya nyama,
na mimi nadaiwa mbili tayari.

Nalenga. Nasukuma.
Mpira unaondoka kama mgeni mwenye adabu,
halafu, hatua mbili kabla ya mlango,
unakumbuka jambo kushoto.

"Mkono wako huo," anasema Innes, "una mdomo."

Kweli. Kiganja hiki kimenilisha miaka kumi na minne.
Ndicho kinachorusha plasta ukutani, pa! pa!
ndicho kinachopindua mwiko mwishoni,
kijipindo kidogo tu, kama nukta,
ukuta ukang'aa, mwenye nyumba akaleta chai.
Korogwe nilisifiwa kwa kijipindo hicho.
Hapa, kwenye nyasi zilizonyolewa kama kidevu cha bwana harusi,
kijipindo hicho hicho kinanifilisi.

Innes akachukua bomba la kupitishia nyaya, jeupe,
akanibana nalo kifuani, chini ya makwapa:
"Zungusha hili tu. Mikono ni mizigo."
Nikasimama kama sanamu ya kutishia ndege.
Mama mmoja mwenye mbwa akapita, akanisalimu kwa huruma.
Mara tano nikajaribu, mara tano nikakosa.

Jumatatu, mtaa wa Hilltown, chumba cha watoto.
Nimekwisha jaza ukuta,
nashika ubao wa kunyooshea, mita mbili,
naanza kuvuta,
na katikati ya mvuto nikaganda.
Nani anavuta?
Si kiganja. Kiganja kikivuta ubao ukuta unapata mawimbi,
hata mwanagenzi wa siku ya kwanza anajua.
Ni mabega. Yalikuwa mabega siku zote,
yakifanya kazi nyuma yangu bila kudai sifa,
na mimi nikikishukuru kiganja.

Nikashuka jukwaani. Nikageuza ufagio,
donge la plasta kavu likawa mpira,
nikatafuta mwendo. Ukaja na maneno,
maana mwendo wa kwetu hauji mikono mitupu:

Bega la kushoto shuka, bega la kulia panda,
Kiwiko nyamaza kaka, kiganja usijepinda,
Macho yasije inuka, mpira wajua kwenda,
Bega la kulia shuka, bega la kushoto panda.

Mizani nane kwenda, mizani nane kurudi,
na pale kwenye koma, katikati,
ambapo zamani kiganja kilikuwa kinadakia,
sasa pana kimya, upana wa pumzi.
Mwenye nyumba alichungulia mlangoni
akaona fundi anafagia pasipo na takataka.
Hakuuliza. Siku hiyo chai haikuja.

Alhamisi, shimo la saba tena,
manyunyu yasiyo na haraka ya kwenda popote.
"Unanung'unika nini?" akauliza Innes.
"Nahesabu."
Bomba limebaki garini. Futi sita.
Bega likashuka, bega likapanda, koma,
na mpira ukatoka bila kugeuza shingo,
ukakata nyasi mbichi kama uzi wa timazi uliolazwa chini,
ukafika mlangoni,
ukachungulia ndani,
ukasimama.

Inchi moja.

Pai ya nne, basi.
Lakini Innes alipiga goti kwenye maji, akafumba jicho moja
kama mtu anayekagua ukuta wa jirani,
akaufuata ule mchirizi kwenye nyasi
kutoka kiatu changu hadi mpira, na kutoka mpira hadi shimo,
akakaa hapo kitambo, mvua ikimwingia kolani.

"Imenyooka," akasema,
kwa hasira kidogo.